Muhula Cucu Alipokuwa wa Ishirini na Tatu

Sisi tuliokulia Ishiara hatukwenda shule peke yetu. Kila mtoto alikwenda na yule mzee ambaye alirithi jina lake. Mimi ni Ciarunji kwa sababu mama yake baba, tuliyemwita Cucu, alikuwa Ciarunji. Jina letu lilikuwa moja, kwa hiyo na alama zetu zilikuwa moja.

Cucu hakuwahi kuingia darasani. Lakini nilipokuwa wa pili darasa la nne, aliwatangazia wanawake waliokuwa wakipepeta ndengu uani: "Muhula huu nimekuwa wa pili. Ningekuwa wa kwanza, ila Kiingereza kinanisumbua."

Kila asubuhi alinipa uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati, akanikagua kucha. "Usiniaibishe huko." Jioni aliniuliza tumesoma nini. Tuligawanya punje za ndengu mpaka akaelewa hesabu za sehemu, nusu na robo, kabla yangu.

Darasa la sita nikawa wa ishirini na tatu. Nakiri kwamba nilificha ripoti ndani ya gunia la ndengu, nikasahau kwamba ndengu hupepetwa. Jirani yetu Mama Njeru akaiokota, akaisoma kwa sauti.

"Nimeanguka," Cucu akasema, bila kuacha kupepeta. "Nilikuwa nacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, badala ya kusoma."

"Na umri huo, Cucu, bado unakimbizana na mpira?" Mama Njeru akauliza.

"Si ndiyo maana nimeanguka."

Nilingoja kiboko. Hakikuja. Jumapili iliyofuata, Cucu, ambaye siku zote aliketi benchi la mbele kanisani, alikwenda kuketi la nyuma kabisa. Akakaa huko muhula mzima. Sijawahi kusoma namna ile. Nikawa wa tano, naye akasogea hadi benchi la tatu.

"Wa tano si wa kwanza," alinieleza.

Siku hizi matokeo huingia kwenye simu ya mzazi. Mpwa wangu alikuwa wa mwisho, akauliza kama kuna chipsi.

Mimi natengeneza kadi za harusi, kazi niliyojifunza mwenyewe kwenye simu. Kila kadi naikagua mara nne, kisha naamka kuikagua tena. Cucu tulimzika. Nikikosea jina la bibi harusi, Jumapili naketi benchi la nyuma, na kando yangu naacha nafasi ya mtu mmoja.