Mama Sweta na Kidonge cha Alfajiri

Saa kumi na moja alfajiri, Mama Sweta anameza kidonge kimoja kidogo kwa maji matupu. Chai inanukia jikoni, lakini haigusi. Anawasha pasi, ananyoosha sare za wanawe wawili, na saa moja ikishapita ndipo anakaa kunywa.

"Hii saa moja ndiyo imeninusuru kazini," anasema huku akicheka.

Ni mnyoosha nguo kwa dobi, mwaka wa kumi na mbili sasa. Jina la utani alipewa na wenzake, walipomwona amejifunika sweta zito mbele ya pasi ya moto, wao wakichuruzika jasho. Baridi haikumtoka. Sauti ilikwaruza, uso ulivimba, na usingizi ulimchukua akiwa amesimama.

Kipimo cha damu kilionyesha kuwa tezi yake ya shingoni, thairoidi, imezembea. Akaanzishiwa vidonge vya homoni. Miezi minane ikapita, dozi ikapandishwa mara mbili, na bado akasinzia, akaunguza shati la bwana harusi. Bosi akamwambia akiunguza jingine, abaki nyumbani kabisa.

Alikwenda kwa daktari bingwa akitarajia kupandishiwa tena. Bingwa, mama wa makamo asiye na haraka, hakushika kalamu.

"Hebu niambie mama, asubuhi unakimezaje?"

"Na chai ya maziwa, daktari. Pamoja na vile vya kuongeza damu. Namaliza vyote kwa mpigo, niwahi kazini."

"Basi dozi siigusi. Hivyo vyote vinaizuia dawa isiingie mwilini. Nikikuongezea leo, halafu siku moja ukaacha chai, moyo utakwenda mbio."

Akaandika: kidonge peke yake, saa moja kabla ya kula, vya damu jioni. Moyo ukimwenda mbio, arudi mara moja. Vinginevyo, damu ipimwe baada ya wiki sita, maana homoni hii haionyeshi kazi yake upesi.

"Nilitoka pale nimenuna," anakiri. "Nimepanda magari mawili, naambiwa habari za chai?"

Wiki sita baadaye, majibu yalikuwa ya kawaida. Alilia palepale kwenye benchi la maabara. Hata kumsikiliza tu, mtu anashusha pumzi.

Sweta sasa limetundikwa msumarini, nyuma ya mlango wa dobi. Hataki kuligawa mpaka kipimo kijacho. Bingwa amemwambia huenda akameza dawa hiyo maisha yake yote.

"Nitaimeza," anasema. "Nataka siku moja niwe na meza yangu mwenyewe ya kunyooshea."

Wiki iliyopita bosi alimwekea mezani shati jeupe la bwana harusi, akaenda zake. Mama Sweta alianza na kola.