Mashine ya Theluji South Beach

Kila aliyeteremka kwenye maegesho ya chini ya ghorofa letu aliniuliza swali lilelile: theluji iko wapi? Mwishowe niliacha kujibu. Nililala chali juu ya kadibodi, spana mkononi, na juu yangu ilikaa mashine ya njano iliyopauka, yenye skii mbili mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma. Ni pikipiki ya kuendea kwenye theluji, imeundwa mama yangu akiwa bado hajazaliwa. Na hapa ni Durban. Baridi ikizidi sana South Beach, watu huvaa soksi.

Niliikuta katika yadi ya vyuma kule Bluff, imefunikwa na mitumbwi ya plastiki iliyopasuka. Mwenye yadi alisema ilishushwa kutoka milimani, upande wa Lesotho, ambako miezi ya baridi theluji hulala kweli. Nilikuwa nimekwenda kutafuta miguu ya meza ya kuandikia. Nilirudi na mashine, na hadi leo naandikia mapajani.

Tangu nichapishe riwaya yangu ya kwanza, kila nilipoalikwa kusoma, mtu alinyoosha mkono kuniuliza kuhusu vita na mpaka. Riwaya yenyewe ilihusu wapishi wa harusi. Haikusaidia. Mimi ni Mkongo, ni kijana, ni mwanamke. Kazi niliyopangiwa ni kulia kwa sauti nzuri. Nilitaka kutengeneza kitu kisichoomba huruma ya mtu. Kitu kisicho na sababu yoyote ya kuwa hapa, na bado kipo, na kinanguruma.

Asiyeuliza swali alikuwa mmoja tu: mjomba wangu, ninayemwita Tonton kama tulivyozoea Bukavu. Siku hizi anatengeneza simu mjini. Zamani, kule kwetu, alikuwa na jenereta ndogo na alichajia simu za mtaa mzima. Aliizunguka mashine, akagonga injini kwa kucha.

"Hii ni jenereta tu," akasema. "Iko na viatu."

Tukaanza kuivisha viungo vya mashine nyingine. Kabureta tuliitoa kwenye pikipiki ya maji iliyokufa, na Tonton akazibua vitundu vyake kwa sindano anazosafishia simu. Fanbelti ilitoka kwenye mashine ya shambani. Kamba ya kuwashia ilikuwa kamba ya kuanikia nguo, ya tatu, baada ya mbili kukatikia mkononi mwangu. Kiti nilikishona kwa turubai la lori, mshono ukaenda upande kama barabara ya kwetu. Chini ya skii tukafunga magurudumu ya toroli la sokoni, ili zisikwaruze sakafu.

Kisha akaja msimamizi wa ghorofa, mzee wa Kizulu anayetembea na funguo zote za jengo kiunoni, unamsikia kabla hujamwona.

"Eish, dada. Hiki kitu si gari. Maegesho ni ya magari."

"Kinatembea, baba."

"Nionyeshe. Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, kipande mteremko huu chenyewe mpaka juu. Bila kusukumwa. Kikipanda, kinabaki. Kikishindwa, watu wa vyuma chakavu wanakichukua."

Nilikubali kabla hajamaliza. Injini ilikuwa bado haijawaka hata mara moja. Ilikuwa imekohoa tu.

Jumamosi asubuhi lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshafika juu ya mteremko. Mwenye lori, Mrundi mwenye kofia ya sufu, alikaa ukingoni miguu ikining'inia, anakula ndizi.

"Mademoiselle Theluji!" akaniita. "Usijichokeshe. Mizani yangu iko tayari."

"Ipime hiyo kofia yako kwanza," nikamjibu.

Tonton alimimina petroli aliyoichanganya na oili nyumbani. Nikavuta kamba. Nikavuta tena. Kiganja kilichubuka, nikavuta, na mashine ikawaka kwa kishindo kilichowasha ving'ora vya magari mawili. Nilipiga kelele. Nikakaa, nikabana wenzo wa mafuta kwa kidole gumba, mkanda ukauma saruji, tukaanza kupanda.

Ndipo ulipokuja moshi. Haukuwa moshi wa kawaida. Ulikuwa wa buluu, mzito, ulijaza maegesho kama mtu anayefukiza jengo zima. Watu walitoka kwenye lifti wamebeba watoto. Msimamizi alipiga kelele za moto. Katikati ya mteremko injini ilibanwa, ikakohoa, ikazimika. Nikashika breki kwa nguvu zote.

"Tonton! Umetia oili kiasi gani?"

Alikuja anakohoa, macho mekundu. "Kama ya jenereta. Na kidogo juu yake."

"Kwa nini juu yake?"

"Kwetu esansi iko na mafuta ya taa ndani! Usipoongeza oili, moteri inakufa."

Petroli ya Durban haikuwa na mafuta ya taa. Alikuwa ameilinda mashine yangu dhidi ya wachuuzi wa petroli wa Bukavu.

"Imekufa," Mrundi akasema huku akishuka na mnyororo.

"Usiiguse. Saa sita bado."

Msimamizi akatazama saa yake. "Bado," akakubali, bila furaha.

Tonton akaweka mawe nyuma ya mkanda. Nikafungua plagi zote mbili. Zilikuwa nyeusi, zinadondoka oili. Nikazifuta kwa ncha ya kitenge nilichojifunga, nikazisugua kwa msasa. Tukamwaga ule mchanganyiko nusu, tukajazia petroli tupu kutoka kwenye galoni. Nilisikia Mrundi akitafuna.

Nikavuta kamba. Ikawaka, na safari hii sauti ilikuwa kavu, safi.

Nikapanda. Nilimpita Mrundi, nikapita lori lake, nikatoka juani, na pale kwenye ukingo wa njia magurudumu ya toroli yakapasuka yote, skii zikatua kwenye nyasi za mbele ya jengo. Mashine ikateleza. Kwa mara ya kwanza ikateleza, kama ilivyoumbwa, na nyasi zikaruka nyuma yangu.

"Sharp! Sawa, nimeona!" msimamizi alipiga kelele, funguo zikilia. "Inabaki! Irudishe chini! Nyasi zangu, dada! Nyasi!"

Nilimsikia vizuri sana. Nikakata kona karibu na maua, nikaenda mzunguko wa pili.