Wadudu Wenye Pampu Mguuni Mwangu

Baba yangu alikuwa na fahali wa mapambano ambaye hakupenda kupigana. Jambo hilo alilijua kila mtu isipokuwa baba. Alimlisha molasi, akamnywesha pombe ya busaa, akamsifu asubuhi na jioni akimwita muuaji, na fahali akawa anasikiliza macho nusu yamefumba, kama mtu aliye kanisani mahubiri yanapozidi. Siku ya pambano tulimsindikiza kijiji kizima kwa ngoma za isikuti, tukikimbia kwenye umande. Alipofika uwanjani akamwona mwenzake. Akamtazama. Akageuka, akapita katikati ya wapiga ngoma, akavunja seng'enge ya shule ya msingi, akarudi nyumbani kabla yetu. Tulimkuta zizini anacheua.

Ile seng'enge ilikuwa imemchana paja. Baba hakumwita daktari wa mifugo, maana angemwambia nini? Alitoa mfukoni kapsuli, zile za rangi mbili zilizokuwa zinauzwa dukani pamoja na chumvi na kiberiti, akaifungua kama mtu anayemenya njugu, akamwaga unga wake juu ya kidonda. Baada ya wiki moja fahali alikuwa mzima. Maisha yake yaliyobaki alivuta plau, na nadhani hicho ndicho alichokuwa anataka tangu mwanzo.

Mimi nilikuwa darasa la nne, na hilo ndilo lililokuwa la mwisho kwangu. Nilipoona ule unga umefanya kazi nikajua hiyo ndiyo elimu niliyokuwa naisubiri, hayo mengine ya kugawanya sehemu yalikuwa yananichelewesha tu.

Basi tangu siku hiyo mimi na kapsuli hatukuachana. Kuku wakisinzia, natia moja kwenye maji yao. Mama watoto akiumwa jino, unga kwenye tundu. Mimi mwenyewe nikikohoa, nameza moja leo, moja kesho, kifua kikipoa naacha, zilizobaki nafunga kwenye kitambaa zingojee ugonjwa mwingine. Dozi sijawahi kumaliza. Kumeza dawa ukiwa umepona niliona ni kama kuendelea kukaa matangani wenye mji wakiwa wameshakunja viti.

Mama watoto alikuwa akisema, "Kuku wa hapa wanakunywanga dawa kuliko watu wa wodini. Siku moja nitakula ingokho, kuku wako hao, nipone ugonjwa ambao sina."

Sasa, mwaka juzi nilienda Ekero kuwaona wakwe wa binti yangu. Nilivaa patipati, ndala za mpira, kwa sababu viatu vyangu vizuri vilikuwa vinanibana na sikutaka kukunja uso mbele ya wakwe. Tukipita nao kwenye shamba la miwa lililotoka kuvunwa, kisiki cha muwa kikapenya patipati mpaka kwenye wayo. Nilikunja uso hata hivyo. Nikarudi nyumbani, nikafungua kitambaa, nikamwaga unga. Wiki ikapita. Nikamwaga tena. Kidonda kikaupokea ule unga kama mtoto anavyopokea sukari, kikazidi kunenepa.

Mwezi ulipokwisha mama watoto alinipeleka hospitali mjini yeye mwenyewe, akinishika mkono wa shati nisije nikakata kona. Msichana wa maabara, mtu wa Khwisero, umri wa mjukuu wangu, ndiyo maana akaniita kuka, yaani babu, akapitisha kijiti cha pamba kwenye kidonda na kusema anaenda kuotesha.

"Kuotesha nini?"

"Bakteria wako, kuka. Tuwajue jina, halafu tujue dawa gani inawaua. Jina linatangulia. Jibu la dawa ungoje siku mbili tena."

Kwenye benchi la kufungwa vidonda nilipata rafiki, mfanyabiashara wa Mumias, mtu wa kofia na maneno matamu, aliyechomwa shavu la mguu na ekzosi ya pikipiki. "Assalaam aleikum, mzee." "Waleikum salaam," nikajibu, mimi Mkristo wa kanisa la ngoma. Karatasi zetu zilipotoka tukazilinganisha kama watoto waliotoka kwenye mtihani. Jina la mdudu wake lilikuwa refu. La wangu lilikuwa hilohilo, herufi kwa herufi.

"Sheikh!" akaniambia, "hawa wametoka boma moja. Sisi sasa ni ndugu."

Yeye alikuwa na vidonge tayari na kidonda chake kilikuwa kimeanza kukauka. Akatoa pakiti, akahesabu. "Zimebaki sita. Chukua."

"Na wewe je?"

"Mimi nimepona nusu. Hiyo nusu nyingine itajimalizia."

Nikaona huyu mtu tumesoma shule moja. Kwa nini ningoje siku mbili jibu la dawa, wakati mdudu ni mmoja na dawa iko mfukoni? Nilimeza vyote sita, na nilijivuna, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kumaliza kitu.

Siku ya tatu mguu ulivimba kama nduma. Nikarudishwa hospitali nikiwa natetemeka. Daktari akabonyeza, akainama, akanusa, na mtu mzima akinusa mguu wako, ujue mambo yameharibika. Akasema ikiwa wadudu wameingia kwenye mfupa watakata chini ya goti.

Jioni ile ndugu zangu walikuja kunipa pole na wakaanza kubishana mguu uzikwe wapi. Mmoja alitaka kulia kwa nyumba, mwingine akasema hapana, kulia ni kwa mwenye mji mzima, sehemu iende nyuma. Mama watoto akawauliza, "Na mkiuzika leo, yeye akifa mtamfukulia akutane nao, ama atautafuta mwenyewe?" Mimi nimelala hapo nawasikiliza. Nilicheka, lakini chini ya blanketi nilikuwa nauchezesha ule mguu, vidole kimoja kimoja, nauomba msamaha.

Asubuhi msichana wa maabara alikuja na visahani viwili vyenye vifuniko. Alikuwa amekasirika kwa adabu.

"Kuka, hiki ni cha yule rafiki yako. Hiki ni chako. Angalia."

Ndani ya kila kisahani bakteria walikuwa wameota kama ukungu juu ya obusuma, ugali wa juzi, na katikati yao kuna vikaratasi vidogo vya duara vilivyoloweshwa dawa, kila kimoja dawa yake. Kwenye kisahani cha mtu wa Mumias, kikaratasi cha vile vidonge kilikuwa kimezungukwa na upara mkubwa. Wadudu walikuwa wamekufa pande zote. Kwenye changu walikuwa wameota mpaka wakaegemea dawa yenyewe, kama wazee wanaoota moto.

"Lakini jina ni moja," nikasema.

"Wewe na ndugu zako si mna jina moja la ukoo? Mnafanana tabia?"

Niliwakumbuka wakigombania mguu wangu.

"Hawa wako wana pampu," akasema. "Ziko kwenye ukuta wa mwili wao. Dawa ikiingia, wanaitapisha nje kabla haijawadhuru. Na pampu moja inaweza kutoa dawa za aina nyingi."

"Nani aliwafungia pampu?"

"Wanazaliwa nazo. Karibu wote wanazo kidogo. Mmoja akizaliwa na jeni imebadilika, anatengeneza nyingi kuliko wenzake. Wewe ukimeza kidogo na kuacha, wanakufa wanyonge. Huyo wa pampu nyingi anabaki na shamba zima, anazaa. Umekuwa ukifanya hivyo miaka mingapi?"

"Tangu fahali," nikasema. Hakuelewa, na mama watoto alimwambia asiulize, tutalala hapo.

Kisha akanionyesha kikaratasi kimoja pembeni ya kisahani changu. Kilikuwa na upara wake mdogo, safi. Dawa ya sindano. Hiyo pampu zao hazikuweza kuitoa.

Nilidungwa asubuhi na jioni, wiki tatu. Wiki ya pili uvimbe ukashuka, na picha ya mfupa ikatoka safi. Nilidungwa mpaka ya mwisho, hata nilipokuwa sioni tena sababu, kwa sababu mama watoto alikaa mlangoni na kiti chake. Mtu wa Mumias naye alirudi benchini na nusu yake ambayo haikujimalizia, akaanzishiwa dozi upya. Alinisalimia kwa mbali.

Siku ya kuruhusiwa msichana akaniambia, "Kuka, Alhamisi uje nichukue pamba ya mwisho. Na wale wako nimewahifadhi kwenye friji, nataka tuwasome vizuri."

"Wasalimie," nikasema.

Nikashuka ngazi za hospitali. Wa kulia, wa kushoto. Nikapita vijana wa bodaboda wakiniita, "Kuka, panda twende!" Nikaendelea kwa miguu, yote miwili, mpaka kwetu Shirere, na Alhamisi sikwenda, maana nilikuwa nimeshapona, wala nyingine yoyote.