Mtamba Niliyemkata Sikio

Mimi ni mwizi. Naanza na hilo kabisa ili usije ukanionea huruma mapema. Sikuvunja duka la mtu wala sikumvizia mtu njiani. Niliiba ng'ombe niliyekuwa namlisha kwa mikono yangu mwenyewe, nyumbani kwangu, na jirani niliyemwibia akaja kunipa pole!

Jina langu liacheni. Sisi ni Wameru, tunakaa juu ya Kikatiti, huku kwenye migomba na kahawa. Majina ya wengine nimeyabadilisha kwa sababu wao hawana kosa lolote. Kosa ni langu peke yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia bidhaa za nje. Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo Arusha mjini. Mitumba ilipoanza kumwagika masokoni, vitenge vyetu vikalala stoo, hakuna anayeviuliza. Tukaitwa ofisini mmoja mmoja, tukaambiwa tumepunguzwa. Kupunguzwa! Utadhani ni chumvi kwenye mboga.

Nikarudi nyumbani na begi langu. Mwanamume mzima nikawa nashinda kwenye kigoda, mlangoni mwa jiko la mke wangu, sisemi. Mke wangu, nitamwita Mama Eliudi, akiniuliza kama ugali umetosha naitikia kwa kichwa tu. Watoto walikuwa wameshaondoka nyumbani. Nilikuwa nangoja kufa, sisemi uongo.

Wakati huo mke wangu ndiye aliyekuwa kwenye mradi wa ng'ombe wa usharika wetu. Utaratibu wake ni huu: unapewa mtamba wa kisasa, ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa, akiwa na mimba, bure kabisa. Akikuzalia ndama jike, unamlea mpaka naye ashike mimba, halafu unamtoa kwa jirani anayefuata. Unamtoa siku ya Jumapili. Unamwongoza mpaka uwanja wa kanisa, mchungaji anaomba, unamkabidhi mwenzako kamba mbele ya usharika mzima na watu wanaimba. Ndama huyo si wako hata siku moja. Wewe ni mlezi tu.

Aliyekuwa anafuata baada yetu ni mjane mmoja, Mama Anaeli. Shamba lake na letu vimetenganishwa na mstari wa masale, ile mimea yetu ya mpaka.

Basi ng'ombe wetu akazaa, ndama jike. Mama yake akamkataa, akawa anampiga mateke. Mke wangu akanitazama pale kwenye kigoda akasema, "Wewe huna kazi, njoo basi umshike huyu." Nikaamka. Nikachovya vidole kwenye maziwa, nikamtia mdomoni, akanyonya. Jamani! Ulimi wa ndama una mikwaruzo, lakini ni wa moto, na unakuvuta mpaka moyoni.

Nikaanza kuongea naye. Mimi niliyekuwa siongei na mke wangu nikawa naongea na ndama! Nilimweleza habari za kiwanda, za mashine yangu, za wale waliobaki kazini kwa kujuana. Nikienda kukata majani ananifuata. Nikikaa ananisukuma na kichwa mpaka nacheka. Siku moja mke wangu alinisikia nikicheka, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, machozi yanamtoka. Ndiye aliyempa jina la Tulizo.

Mama Anaeli naye alikuwa anajiandaa. Kamati ya mradi haitaki ng'ombe wa kienyeji wachanganyike na wa kisasa, wanaogopa kupe. Kwa hiyo aliwauza wa kienyeji wake wote. Akang'oa migomba ya marehemu mume wake, migomba iliyokuwa inamlisha, akapanda majani ya tembo ya kulisha ng'ombe. Akajenga banda zuri, sakafu ya saruji, kuliko hata nyumba anayolala. Kila jioni alikuwa anavuka masale kuja kumtazama Tulizo. "Mwanangu hajambo?" anauliza, huku anamkuna shingo.

Mwanangu! Neno lile lilinichoma, we acha. Nilianza kumchukia mama wa watu kwa kuwa alikuwa anapenda kitu kilicho chake.

Tulizo alipokua akapandishwa, bwana mifugo akamshika tumbo akatuambia tayari, ameshika. Kamati ikatangaza Jumapili ya kumkabidhi. Kuanzia hapo sikula. Nilikuwa naiona ile kamba ikitoka mkononi mwangu, nikarudi kwenye kigoda changu mlangoni mwa jiko. Nikajiambia sitaweza. Afadhali dhambi.

Sasa sikiliza nilivyofanya.

Kila ng'ombe wa mradi ana hereni ya namba sikioni. Akifa, kamati inataka ije ione mzoga, na ikishindikana, ulete sikio lenye hereni yake. Na majira yale ng'ombe walikuwa wanakufa kweli. Josho letu lilikuwa halina dawa tangu serikali iache kuleta, kila mtu ajinunulie dukani, na ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ilikuwa inapita boma kwa boma. Nikisema Tulizo amekufa kwa ndigana, nani atabisha?

Nilinoa kisu. Mke wangu akanikuta bandani.

"Baba Eliudi, unataka kufanya nini?"

"Shika kamba."

"Huyu si wetu. Tumeahidi mbele ya Mungu."

"Nimesema shika kamba!"

Aliishika. Nilimlazimisha, na hilo nalo liko juu ya kichwa changu. Tulizo alikuwa amesimama ametulia, analilamba shati langu akitafuta chumvi ya jasho, maana hajawahi kuona baya kutoka kwangu. Nikamkata sikio. Mlio alioutoa sijausahau na sitausahau. Nilimpaka majivu na dawa ya kidonda, naye anarudi nyuma mpaka ukutani, macho yamemtoka, ananiangalia. Tangu saa ile hakuniruhusu tena nimguse. Sijui kama unanielewa. Nilifanya vile ili nisiachane naye, na nikawa nimeshaachana naye pale pale!

Kaka yangu mkubwa anakaa Olasiti, upande wa pili wa mji, na alikuwa na pikapu ya kubebea ndizi. Alfajiri akaja kama tulivyopatana, tukampakia Tulizo, tukamfunika na majani ya migomba. Kulipokucha nikampelekea mwenyekiti wa kamati lile sikio ndani ya mfuko, nikamwambia nimeshamfukia kwa kuogopa ugonjwa usienee. Mzee wa watu akalishika, akatikisa kichwa, akasema, "Pole sana, baba. Ulimpenda mno yule."

Ndipo Mama Anaeli akaja. Kwetu ng'ombe akifa, majirani wanakuja kukupa pole kama msiba mwingine. Nilidhani atakuja na lawama, kwa sababu ni yeye aliyepoteza. Alikuja na mkungu wa ndizi kichwani! Alitoa wapi, na migomba ameshaing'oa? Akaketi chini karibu na mke wangu, akamshika mkono, akasema, "Msijilaumu. Mlimtunza vizuri, kila mtu aliona. Mungu atatupa mwingine."

Mke wangu akaangua kilio. Watu wote waliokuwepo wakadhani analilia ng'ombe.

Nikajipa moyo kwamba ndama atakayefuata nitampa Mama Anaeli bila kinyongo. Akazaliwa dume. Nikasema basi anayefuata. Dume tena! Mama Anaeli anangoja. Banda lake la saruji likawa linalala kuku. Watoto wake wakawa wanakunywa chai ya rangi, nyumba ambayo zamani haikukosa maziwa hata kama ni ya kienyeji. Na yale majani yake ya tembo yalipozidi kuzeeka shambani, unajua alikuwa anafanya nini? Alikuwa anayakata, anayafunga mzigo, anatuletea. "Yanaharibika bure," anasema. "Mpeni mama yake Tulizo ale, atuzalie." Anayatua, anajifuta jasho, anarudi kwake. Mimi nayachukua nalisha. Ee Mungu wangu!

Olasiti nilikuwa naenda kila nikipata nafasi, natoa sababu za uongo. Tulizo alikuwa amezaa, maziwa yake yanajaza ndoo, kaka anayapeleka kwenye mikahawa ya mjini. Nami nasimama nje ya banda. Nikinyoosha mkono anarudi kona ya mbali. Watoto wa kaka wanamshika wanavyotaka. Mimi namwangalia tu, halafu narudi nyumbani.

Jumamosi moja nikamkuta kaka anapiga hesabu za gari jipya. Akaniambia Jumatatu kuna watu wa machinjioni wanakuja kumchukua Tulizo, amewauzia, maana chuchu zimeanza kumsumbua na maziwa yanapungua.

"Shikamoo kaka, subiri kwanza," nikasema, nimechanganyikiwa hata salamu nimeitoa mara ya pili. "Huwezi kumuuza. Yule ni ng'ombe wangu."

Alicheka. "Ng'ombe wako yupi, mdogo wangu? Wako si alikufa? Usharika mzima unajua alikufa. Kama unabisha, nenda kamwite mwenyekiti wako aje hapa tuzungumze."

Nikaondoka. Na hata hivyo njia ilikuwepo, naiona mpaka leo! Kesho yake ilikuwa Jumapili. Ningesimama kanisani niseme ukweli, kamati ingefika Olasiti jioni ile ile, Mama Anaeli angepata ng'ombe wake akiwa hai. Mgonjwa wa chuchu, ndiyo, lakini anatibika, na ni wake.

Nilienda kanisani. Nilikaa nyuma ya Mama Anaeli, benchi moja tu kati yetu, namwona kilemba chake. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Nikashika benchi la mbele ili ninyanyuke. Nikafika nusu. Niliona nyuso zote zikigeuka, nikamwona mwenyekiti aliyelishika lile sikio, nikaona aibu. Nikakaa. Wakaimba wimbo wa mwisho, tukatoka, na Mama Anaeli akanisalimia pale mlangoni kwa mikono yote miwili.

Aibu ya dakika chache ndiyo iliyomchinja Tulizo. Kisu kilikuwa cha wengine tu.

Jumanne nilivuka masale. Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Aliniambia nisipokwenda mimi atakwenda yeye, na akirudi asinikute ndani. Mama Anaeli alikuwa uani anapukuchua mahindi. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kisu, pikapu, Olasiti, Jumapili, machinjioni. Nilikuwa nangoja anipigie kelele, anirushie hata gunzi. Ningeshukuru!

Aliendelea kupukuchua. Punje zinaanguka kwenye ungo. Akauliza, polepole kabisa, bila kuninyanyulia macho:

"Alikuwa na maziwa mengi?"

Nilitaka kudanganya, niseme yalikuwa ya kawaida tu. Ulimi ukakataa uongo mwingine. "Alikuwa anajaza ndoo, mama."

"Nilijua," akasema. "Nilipomshika shingo tu nilijua atakuwa vile." Akachukua gunzi jingine. "Nenda nyumbani, Baba Eliudi. Nina kazi."

Hayo tu. Mpaka leo hayo tu!

Nilikwenda kwa mchungaji, nikatengwa, nikasimama mbele ya usharika nikatubu, nikarudishwa kundini. Kamati ilimtaka kaka alipe, yeye akaendelea na gari lake jipya, na sisi hatusalimiani. Mke wangu alihamia Lemara kwa binti yetu, anasema atarudi siku atakapoweza kuvuka masale akamtazama yule mama usoni. Bado hajaweza. Ng'ombe wetu mkubwa hatimaye alizaa jike. Sikungoja akue wala sikumpa jina. Nilimpeleka kwa Mama Anaeli akiwa bado anatetemeka miguu, akanirudishia kwa upole mlangoni. "Mpe anayefuata," akasema. "Mimi nimeshazoea bila."

Nimeshazoea bila! Angenitukana ningelala. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi msionijua, kwa sababu hapa kijijini kila mtu ameshanisamehe isipokuwa yule ambaye msamaha wake ndio ninaoutaka, na hata yeye hajasema kwamba hajanisamehe. Nikisikia jembe lake upande wa pili wa masale naingia ndani nafunga mlango. Nimechoka, jamani. Sijui nifanye nini.

Wewe unayesoma hapa, kama umepewa kitu ukilee tu halafu ukitoe, kipende, sikukatazi. Hata mtoto wa kike unamlea ukijua ataolewa. Lakini siku ya kukitoa ikifika, kitoe huku unalia, watu wakikuona. Wangeniona nikilia pale uwanja wa kanisa na kamba mkononi, wangenishika bega, na Mama Anaeli, namjua, angeniambia nije kumwona Tulizo kila jioni.