Kivumbasi cha Mlimani

Harufu ya kivumbasi kinachochemka hunichosha hadi leo. Wengine wakiisikia hukumbuka mafua yaliyopona. Mimi hurudi bondeni, chini ya vilima vya Kipatimu, kwenye kibanda cha shangazi, dada yake baba, msimu ule wa mwisho wa vita vya Maji Maji. Askari wa Mjerumani walikuwa wamechoma nyumba yetu ya mlimani pamoja na ghala la mtama. Baba alikwenda vitani na wenzake, wote wamenyunyiziwa maji yaleyale, na hakurudi. Tukabaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Saidi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusema.

Saidi akashikwa na homa. Mama akachuma kivumbasi kando ya kijito, akakichemsha, akajifunika naye kaniki juu ya chungu ili mtoto avute mvuke atoke jasho. Majani yalikuwa mapana na laini, ya kupendeza macho, lakini yalinukia kwa mbali tu, kama mchicha. Jasho halikutoka. Mama akarudia, na mtoto akazidi kuwaka. Kwetu mlimani kila mwanamke alijua kwamba kivumbasi cha bondeni na cha kwenye mawe ni kimoja kwa jina tu. Kilichoshiba maji huwa kivivu. Kilichokaa na kiu, kikala jua, kikachumwa maua yanapoanza kuchungulia, hicho ndicho dawa. Kikishazaa mbegu, nguvu zimekwisha. Tena hakichumwi na umande. Husubiriwa mpaka jua lipande na jani likauke.

Tabu ilikuwa hapo. Kivumbasi cha namna hiyo kiliota kwenye mawe nyuma ya nyumba yetu iliyoungua, na huko askari walikuwa bado wanazunguka wakikamata watu.

"Wifi, kama ni lazima, nenda alfajiri," shangazi alimwambia mama. "Giza litakusitiri."

"Nikienda alfajiri nitarudi na jani la umande. La umande ninalo hapahapa."

"Na wakikuona?"

"Basi huyu mkubwa nakuachia wewe."

Mkubwa ndiye mimi. Niliyasikia maneno hayo nikiwa nimekaa karibu yao, nikamchukia Saidi, kisha nikamhurumia, kisha nikachoka na vyote viwili. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama yangu yeye alitakiwa asimame wima juani, mahali pa kuonekana na kila mwenye bunduki. Aliondoka jua limekwisha kupanda. Nilishinda mlangoni nikiutazama ule mlima, masikio yakingoja mlio. Kila ndege aliyeruka ghafla alinikata maini.

Alirudi alasiri, miguu imechanika. Harufu ilitangulia kuingia. Alipofungua pindo la kaniki niliona vijani vidogo, vigumu, vimeungua kingo kwa jua, vya kuonea huruma. Lakini chungu kilipochemka macho yetu sote yalitoka machozi. Saidi alikohoa, akalia, akapigana na ile kaniki, na jasho likamtoka mpaka mgongo wa mama ukalowa. Jioni mwili wake ulikuwa umepoa. Akafumbua macho akasema, "Mama, ugali."

Ugali haukuwepo. Tulikuwa tunachimba ming'oko, viazi vya porini, na yenyewe ilikuwa inakwisha kwa sababu bonde zima lilichimba. Homa haikurudi tena. Njaa ndiyo iliyomchukua mdogo wangu, kabla mvua hazijaanza, na hakuna mlima ambao mama angeupanda kuitafutia jani. Hakulia sana. Sote hatukuwa na nguvu ya kulia.

Sasa mimi ni bibi, naishi Rasbura, mjini Lindi. Kivumbasi changu kimeota ubavuni mwa jiko, na mjukuu wangu hukimwagia maji ya kuoshea vyombo kila siku. Kimenifika kifuani, majani kama sahani. Juzi mwanawe alipata mafua, mjukuu akakichemsha, kisha akaja kunilalamikia: "Bibi, kivumbasi chako hiki hakina kitu."

"Ni kweli," nikamwambia. Kingeachwa na kiu kidogo tu, kingenukia, na hilo nalijua vizuri. Alipompa mtoto uji, mtoto akanywa nusu kikombe, akasukuma kilichobaki akakimbilia kucheza. Nilikitazama kile kikombe kwa muda mrefu. Kisha nikamwambia mjukuu wangu aendelee kukimwagilia kivumbasi maji, kisione kiu.