Hori la Upande wa Chini

Nilipojenga zizi kwenye mteremko kwetu Mhezi, mama aliniambia hori la kulishia ng'ombe liwe upande wa juu. Nikaliweka chini, karibu na njia, kwa sababu sikutaka kupandisha mizigo ya majani kila siku. Uvivu tu.

Asubuhi moja nilimpa ng'ombe marando ya viazi yenye umande. Jua halijawa kali, ubavu wake wa kushoto ukawa umevimba na kukaza kama ngoma. Hakucheua, hakubeua. Alihema mdomo wazi, ulimi nje, maana gesi ya tumboni ilikuwa inabana mapafu. Nikampigia simu bwana mifugo. Alikuwa Hedaru, kule chini tambarare; mpaka apande huku, ningekuwa nimeshachinja.

"Kichwa chake kinaangalia wapi?" akauliza.

"Bondeni, kwenye hori."

"Sasa gesi itapandaje kooni? Mgeuze haraka!"

Mimi na mama tulimvuta mpaka akaelekea mlimani. Nikasimama nikisikiliza pumzi zake, kila moja nikidhani ndiyo ya mwisho. Ghafla akabeua kwa kishindo, uvundo ukatujaa usoni. Nikalia.

Mama alichukua nyundo, akaanza kung'oa mbao za hori.