Oili Nyekundu kwenye Barabara ya Itigi

Kwa siku kadhaa niliona madoa chini ya pikapu yangu, nikajiambia ni mafuta ya alizeti yanayovuja kwenye madumu ninayobeba. Sikuinama kuangalia. Kisha mimi na mke wangu tukawa tunampeleka mke wa mwanangu, aliyeshikwa na uchungu, kutoka Mitundu kwenda hospitali Itigi. Katikati ya mchanga gia zikakataa kushika.

Niliingia chini ya gari. Gia boksi ilikuwa imelowa oili nyekundu. Niliifuta ikakauka, nikamwomba mke wangu awashe injini, nikatazama panapoanza kulowa. Ulikuwa mpira wa kupozea oili, umepasuka mwishoni. Juu yangu mkwe alikuwa ameuma kanga, maana kwetu ni aibu kulia mbele ya baba mkwe.

“Lia tu, mwanangu,” nilisema. “Kosa ni langu.”

“Kata mpira, mzee,” mke wangu akasema. “Toba utaimalizia Itigi.”

Alizima injini. Nilikata palipopasuka, nikaukaza mpira upya, nikaongeza oili ya akiba. Gia zikashika. Mkwe alilia njia nzima, nami sikugeuka kumtazama. Alijifungua salama kabla manesi hawajamfikisha kitandani.